Damu Katika Choo cha Mtoto Mchanga: Visababishi, Uchunguzi na Matibabu

Utangulizi

Mambo machache humshtua mzazi kama kufungua nepi ya mtoto mchanga na kukuta damu. Wapo wanaokimbilia hospitali saa ileile, wapo wanaosubiri kupambazuke, na wapo wanaoanza kwa bibi au katika duka la dawa la jirani. Mhudumu wa afya naye, hasa aliye peke yake katika zahanati, hujikuta mbele ya dalili moja yenye visababishi zaidi ya kumi. Baadhi ya visababishi hivyo hupona bila dawa yoyote. Vingine huweza kuondoa uhai wa mtoto kabla jua halijachwa.

Makala haya yanaeleza visababishi vikuu vya kutoka damu kwa njia ya haja kubwa kwa mtoto tangu anapozaliwa hadi anapotimiza mwaka mmoja, namna ya kuvitofautisha, na matibabu yake katika mazingira yetu ya Tanzania. Hoja kuu ni hii: damu nyingi ni hatari siku zote, lakini damu kidogo si dhamana ya usalama. Hatari hupimwa kwa umri wa mtoto, hali yake ya jumla, na dalili zinazoandamana na damu hiyo. Mtoto aliyechangamka, anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito, mwenye nyuzi chache za damu kwenye choo, anaweza kuchunguzwa kwa utulivu. Mtoto anayetapika kijani, aliyelegea, au anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, anahitaji kufika kwa daktari wa upasuaji hata kama damu iliyoonekana haijai kijiko cha chai.

Kwa nini mwili wa kichanga hauvumilii kupoteza damu

Mtoto mchanga ana takribani mililita 80 za damu kwa kila kilo moja ya uzito wake. Mtoto mwenye kilo 3, kwa hiyo, ana damu isiyozidi mililita 240 hivi mwilini mwake mwote, kiasi ambacho hakijazi chupa ya soda ya mililita 300. Vijiko vitano vya chai vya damu ni sehemu ya kumi ya damu yake yote. Aidha, mwili wa kichanga hujikaza kwa muda mrefu kabla ya kuonesha dalili za kuishiwa: mapigo ya moyo huenda mbio, mikono na miguu hupoa, kisha ghafla mtoto hulegea. Anapofikia kulegea, muda wa kumwokoa umekwisha kupungua sana.

Je, ni damu kweli?

Kabla ya kutafuta kisababishi, ni vema kuhakikisha kwamba kilichoonekana ni damu, na kwamba imetoka katika njia ya haja kubwa. Dawa za maji zenye rangi nyekundu zinaweza kupaka choo rangi inayofanana na damu. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, hugeuza mkojo na hata choo kuwa na rangi ya machungwa au nyekundu. Dawa za madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, na kwa mtoto mkubwa kidogo aliyeanza kula, kiazisukari nacho huleta rangi nyekundu. Katika siku za mwanzo, mkojo wa kichanga unaweza kuacha kwenye nepi madoa ya rangi ya matofali, ambayo ni fuwele za chumvi za mkojo na si damu. Mtoto wa kike naye anaweza kutokwa na damu kidogo ukeni katika wiki ya kwanza kwa sababu ya homoni alizopata kwa mama yake. Hali hiyo huisha yenyewe.

Kwa sababu hiyo, tunamwomba mzazi aje na nepi au kitambaa chenyewe, akiwa amekifunga katika mfuko safi, au apige picha kwa simu. Mhudumu akikiona kwa macho yake hujifunza mengi kuliko kwa maelezo. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, pale kinapopatikana, huondoa shaka iliyosalia.

Rangi nayo husaidia kukisia mahali damu ilipotoka. Damu nyekundu inayong'aa, iliyopaka juu ya choo, kwa kawaida hutoka karibu na tundu la haja kubwa. Damu iliyochanganyika na ute au choo huashiria ugonjwa wa utumbo mpana au wa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Choo cheusi, kinachonata kama lami na chenye harufu kali, mara nyingi humaanisha damu imetoka juu, yaani tumboni au katika mwanzo wa utumbo, au imemezwa. Tahadhari inahitajika katika siku mbili tatu za mwanzo, kwa maana choo cha kwanza cha kila mtoto huwa cheusi chenye ukijani, na hicho si ugonjwa.

Visababishi katika wiki chache za mwanzo

1. Damu ya mama iliyomezwa. Mtoto anaweza kumeza damu wakati wa kuzaliwa, au kunyonya damu kutoka katika chuchu zilizopasuka. Mtoto huyu huonekana mwenye afya kabisa. Mwaka 1955, madaktari Leonard Apt na William Downey walieleza kipimo rahisi cha kutofautisha damu ya mama na ya mtoto. Himoglobini ya kichanga hustahimili kemikali ya sodiamu haidroksaidi, hivyo hubaki na rangi ya waridi, ilhali ya mtu mzima hugeuka kuwa ya manjano yenye ukahawia. Kipimo hiki hufanyika kwa damu nyekundu tu. Choo cheusi hutoa jibu la kupotosha. Pale ambapo kipimo hakipo, mhudumu achunguze matiti ya mama. Dawa yake ni kumfundisha mama namna ya kumpakata mtoto na kumwekea titi vizuri mdomoni, wala si kumwachisha kunyonya.

2. Upungufu wa vitamini K. Ini huhitaji vitamini hii ili kutengeneza viini vya kugandisha damu. Ugunduzi wake uliwapatia Henrik Dam na Edward Doisy Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Kila mtoto huzaliwa akiwa na akiba ndogo, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana kiasi kidogo tu cha vitamini K. Mtoto ambaye hakuchomwa sindano anaweza kuanza kutokwa damu kati ya siku ya 2 na ya 7, kwa njia ya haja kubwa, kitovuni, puani au mahali alipochomwa sindano. Wapo wanaotokwa damu ndani ya saa 24 za kwanza, hasa ambao mama zao walitumia wakati wa ujauzito dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, au dawa za kifua kikuu. Wapo pia wanaochelewa hadi wiki ya 2 hata ya 12 na zaidi, na kundi hili mara nyingi huvujia damu ndani ya ubongo.

Matibabu ni vitamini K, miligramu 1 hadi 2, ikitolewa polepole kupitia mshipa au chini ya ngozi. Mtoto ambaye tayari anatokwa damu asichomwe kwenye msuli, kwa maana damu inaweza kuvilia humo. Aliyepoteza damu nyingi huongezewa damu au utegili wake. Kinga ni rahisi zaidi: sindano moja ya miligramu 1 kwenye msuli wa paja mara baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani au njiani huikosa kwa urahisi. Mhudumu wa kliniki amwulize mama habari hiyo na kutazama kadi ya mtoto.

3. Kuoza kwa utumbo kwa mtoto njiti. Huu ni ugonjwa wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na mara nyingi hujitokeza katika wiki ya pili au ya tatu ya maisha. Mtoto aliyekuwa akiendelea vizuri huanza kubakiza maziwa tumboni, tumbo huvimba na kung'aa, hutapika nyongo, husahau kupumua kwa vipindi, kisha damu huonekana kwenye choo. Eksirei ya tumbo huweza kuonesha vipovu vya hewa ndani ya ukuta wa utumbo. Mtoto husimamishiwa maziwa mara moja, huwekewa mrija wa kupitia puani hadi tumboni, hupewa maji ya mshipa na antibiotiki, na daktari wa upasuaji huitwa mapema, kabla utumbo haujatoboka. Maziwa ya mama ndiyo kinga bora iliyopo.

4. Utumbo kujisokota. Baadhi ya watoto huzaliwa na utumbo ambao haukujipanga vizuri tumboni, na hivyo huweza kujizungusha na kubana mishipa yake yenyewe ya damu. Dalili ya kwanza si damu, ni matapishi ya kijani. Damu ikitokea, mara nyingi utumbo umeanza kufa. Kanuni isiyo na mjadala ni kwamba kichanga anayetapika kijani ana tatizo la upasuaji hadi ithibitike vinginevyo, naye hapaswi kulala usiku mmoja zahanati akisubiriwa kuonekana hali yake.

5. Uambukizo wa damu. Uambukizo mkali huvuruga ugandaji wa damu mwilini. Mtoto huwa na homa au, kwa wachanga sana, mwili wa baridi; hanyonyi, analegea, na anaweza kuwa na madoa ya damu kwenye ngozi. Huyu hupewa dozi ya kwanza ya ampisilini na jentamaisini kabla ya safari ya rufaa.

Visababishi vinavyoweza kuonekana tangu wiki ya pili

Mpasuko wa tundu la haja kubwa. Hiki ni kisababishi cha kawaida na chepesi. Choo kigumu huchana ngozi laini. Mtoto hulia anapojisaidia, na damu nyekundu huonekana juu ya choo. Mpasuko huonekana kwa macho endapo mhudumu atapanua makalio taratibu penye mwanga wa kutosha. Tiba yake ni kulainisha choo na kupaka mafuta laini. Jambo la kuuliza ni kwa nini choo kimekuwa kigumu, na mara nyingi jibu ni kwamba mtoto ameanzishiwa uji au maziwa ya ng'ombe kabla ya kutimiza miezi 6.

Mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Mtoto wa wiki chache, mnene, mchangamfu, anayenyonya vizuri, anaonekana na nyuzi za damu na ute kwenye choo laini. Wazazi huogopa sana, ilhali mtoto mwenyewe anacheza. Hali hii huwapata hata wanaonyonya maziwa ya mama pekee, kwa sababu chembe za protini ya maziwa aliyokunywa mama hupita katika maziwa yake. Mama hushauriwa kuacha maziwa, mtindi, jibini na vyakula vyenye maziwa kwa wiki 2 hadi 4. Maziwa ya mbuzi hayafai kuwa mbadala, maana protini zake hufanana na za ng'ombe. Damu ikikoma, maziwa hurudishwa kwa majaribio ili kuthibitisha. Damu ikirudi, mama huendelea kuyaacha. Watoto walio wengi huyavumilia wanapokaribia mwaka mmoja. Mama asiachwe bila chakula chenye kalsiamu: dagaa wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani zinaweza kusaidia. Kumwachisha mtoto titi kwa sababu ya nyuzi hizi za damu ni kosa.

Ugonjwa wa Hirschsprung. Jina hili ni la daktari wa watoto wa Copenhagen, Harald Hirschsprung, aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1886. Sehemu ya mwisho ya utumbo haina neva za kuusukuma uchafu, hivyo choo hukwama. Mtoto mwenye miezi tisa kamili tumboni hupaswa kupata choo cha kwanza ndani ya saa 24. Akipitisha saa 48, achunguzwe. Utumbo uliojaa unaweza kupata uambukizo mkali, na hapo tumbo hujaa, homa hupanda, na choo chenye harufu kali, wakati mwingine chenye damu, hutoka kwa kishindo. Mtoto huyu ni wa dharura: maji ya mshipa, antibiotiki, kusafishwa utumbo na mtaalamu, na kisha upasuaji.

Utumbo kujiingiza ndani ya utumbo

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asimame kidogo. Ugonjwa huu, uitwao kitaalamu intususepsheni, hutokea pale kipande cha utumbo kinapoingia ndani ya kipande kinachofuata, mithili ya mkono wa sweta uliojivuta ndani yake wenyewe. Mishipa ya damu hubanwa, ukuta wa utumbo huvimba, ute na damu huvuja, na baada ya saa nyingi utumbo hufa na kutoboka. Huwapata zaidi watoto wa miezi 4 hadi 9, mara nyingi wenye afya nzuri na waliokuwa wakiendelea vema kliniki.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miezi 6 anaanza ghafla kulia kwa uchungu, anakunja magoti kuelekea tumboni, anageuka mweupe. Baada ya dakika chache ananyamaza, anaonekana amechoka, pengine anasinzia. Baada ya dakika 15 au 20 kilio kinarudi. Anatapika, kwanza maziwa, kisha nyongo. Siku inayofuata nepi ina ute uliochanganyika na damu, mfano wa jamu nyekundu, bila choo chenyewe. Nyumbani wanasema ni mchango, anapewa dawa ya mitishamba. Zahanati wanaandika kuhara damu, anapewa vidonge. Siku ya tatu tumbo limejaa na mtoto hazinduki vizuri.

Kila aliyemhudumia mtoto huyu alikuwa na sababu. Mwongozo wa matibabu ya magonjwa ya watoto kwa ngazi ya msingi humweka mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 mwenye damu kwenye choo katika kundi la kuhara damu, na kwa watoto wengi hilo ni sahihi. Lakini mambo haya mawili yanaweza kutofautishwa kwa maswali machache yasiyohitaji mashine:

- Mwenye kuhara damu hupata choo mara nyingi, na damu imechanganyika na kinyesi. Mwenye intususepsheni hutoa ute na damu bila kinyesi, au kinyesi kidogo tu mwanzoni.
- Mwenye kuhara damu kwa kawaida huanza na homa na kuharisha, na damu huja baadaye. Mwenye intususepsheni huanza na kilio cha vipindi na kutapika; homa, ikiwapo, huchelewa.
- Mwenye kuhara damu anasumbuka mfululizo. Mwenye intususepsheni hutulia na kulegea kati ya kilio kimoja na kingine.
- Katika tumbo la mwenye intususepsheni huweza kupapaswa uvimbe kama soseji, hasa upande wa kulia juu, wakati mtoto ametulia.

Ni watoto wachache wanaoonesha kwa pamoja kilio cha vipindi, uvimbe na damu. Kwa hiyo mhudumu asisubiri zikamilike zote. Kutapika na kilio cha vipindi kwa mtoto wa umri huu vinatosha kuomba kipimo cha ultrasaundi, ambacho huonesha miduara iliyo ndani ya miduara kama shabaha ya kulengea.

Mtoto akiwahi, utumbo unaweza kurudishwa mahali pake bila kisu, kwa kuingiza hewa au maji ya chumvi kupitia njia ya haja kubwa, huku wataalamu wakitazama kwa eksirei au ultrasaundi. Njia ya kutumia maji si ngeni: Hirschsprung tuliyemtaja hapo juu aliitumia katika karne ya 19, na mwaka 1871 Jonathan Hutchinson wa London alifanikiwa kumtibu mtoto kwa upasuaji. Njia isiyo ya kisu hairuhusiwi kwa mtoto mwenye dalili za utumbo uliotoboka au aliyeishiwa nguvu. Katika nchi zetu watoto wengi huishia kufanyiwa upasuaji, na baadhi hukatwa sehemu ya utumbo, kwa sababu ya kuchelewa. Takribani mtoto mmoja kati ya kumi aliyerudishwa utumbo bila kisu hupata tatizo hilo tena, hivyo wazazi waelezwe dalili kabla ya kuruhusiwa.

Wazazi huuliza kuhusu chanjo ya virusi vya rota. Ni kweli kwamba chanjo ya awali iliyotumika Marekani iliondolewa mwaka 1999 kwa kuhusishwa na intususepsheni. Chanjo inayotolewa Tanzania tangu mwaka 2013 ni nyingine. Utafiti uliofanyika katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwachambua watoto 717 wenye intususepsheni na haukuona ongezeko la hatari baada ya chanjo hiyo. Mtoto apewe dozi zake kwa wakati, katika wiki ya 6 na ya 10.

Kuhara damu na visababishi vingine

Kuhara damu husababishwa zaidi na bakteria aina ya Shigela, waliogunduliwa na Kiyoshi Shiga nchini Japani mwaka 1897. Kwa mtoto wa miezi 2 na kuendelea, Shirika la Afya Duniani hupendekeza siprofloksasini, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku kwa siku 3, pamoja na zinki na maji ya chumvichumvi ya ORS. Zinki ni miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi 6, na miligramu 20 kwa aliyezidi, kwa siku 10 hadi 14. Metronidazoli, ambayo wengi huinunua dukani, haiui Shigela, na kuhara damu kwa sababu ya amiba ni nadra kwa watoto wachanga. Mtoto aliye chini ya miezi 2 hapaswi kutibiwa nyumbani: apewe rufaa, matatizo ya upasuaji yatafutwe kwanza, na asipokuwa nayo apewe seftriaksoni ya sindano, miligramu 100 kwa kilo mara moja kwa siku kwa siku 5.

Kisababishi kingine ni kifuko cha Meckel, kibaki cha mrija uliounganisha utumbo na kitovu kabla mtoto hajaumbika kikamilifu. Takribani watu 2 kati ya 100 wanacho, na wengi hawajui. Kinapoleta shida kwa mtoto, damu nyingi hutoka bila maumivu yoyote. Mtoto huongezewa damu, kisha kifuko huondolewa kwa upasuaji.

Desturi zinazoongeza hatari

Zipo desturi ambazo hutendwa kwa mapenzi ya dhati, nazo huleta damu ambayo haikuwapo. Kukata kimeo na kung'oa yale yaitwayo meno ya plastiki huacha vidonda kinywani. Mtoto humeza damu, choo huwa cheusi, na wengine huingia katika uambukizo au upungufu mkubwa wa damu. Kumpiga kichanga bomba la mitishamba huweza kuchubua au kutoboa utumbo. Dawa za mchango nazo, licha ya kutojulikana kipimo chake, huchelewesha safari ya hospitali. Mhudumu aulize habari hizi kwa upole. Mama akikaripiwa leo, kesho ataficha.

Hatua za kuchukua

Nyumbani: mtunze nepi, endelea kumnyonyesha mtoto isipokuwa kama anatapika kijani au tumbo limejaa, mfunike asipate baridi, na usimpe dawa yoyote kabla hajaonwa. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Nenda saa ileile, hata usiku, iwapo kuna mojawapo ya haya: umri chini ya miezi 2, damu nyingi au choo cheusi, matapishi ya kijani, tumbo kujaa, kilio cha vipindi, kukataa kunyonya, homa au mwili wa baridi, weupe wa viganja, au kulegea.

Zahanati na kituo cha afya: anza na njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu. Mikono ya baridi, mapigo dhaifu yaendayo mbio, na ngozi inayochukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi baada ya kubonyezwa ni dalili za mtoto kuishiwa. Mpe oksijeni, weka mshipa, pima sukari na wingi wa damu, mpe maji ya mshipa kwa kufuata mwongozo. Chunguza tumbo, na pia sehemu za siri kwa ajili ya ngiri iliyobanwa. Tazama tundu la haja kubwa. Mpe vitamini K ikiwa hakuna uhakika kwamba aliipata. Ukihisi tatizo la upasuaji, msimamishe kula, mwekee mrija wa tumboni ulio wazi ili matapishi yasiingie mapafuni, na mpe dozi ya kwanza ya antibiotiki. Piga simu hospitali ya rufaa kabla gari halijaondoka, na uandike saa dalili zilipoanza.

Hospitali: wingi wa damu, kundi la damu, vipimo vya ugandaji, ultrasaundi na eksirei hufanyika kulingana na hali ya mtoto. Si kila kichanga mwenye damu kwenye choo anahitaji vyote. Mwenye mpasuko unaoonekana, au mwenye dalili za mzio na afya njema, asitobolewe bila sababu. Anahitaji ushauri na tarehe ya kurudi.

Hitimisho

Damu katika choo cha kichanga ni dalili, si jina la ugonjwa. Watoto wengi wenye dalili hii watapona kwa titi la mama, sindano moja ya vitamini K, au mabadiliko madogo ya chakula. Wachache wana utumbo unaokufa, nao ndio wanaotegemea macho na masikio ya mtu wa kwanza kuwaona. Kabla ya kuandika kuhara damu kwenye daftari, muulize mama maswali matatu: Je, mtoto analia kwa vipindi? Je, anatapika, na matapishi yana rangi gani? Je, katika nepi kuna kinyesi, au ni ute na damu tu? Maswali hayo hayachukui dakika mbili, na majibu yake yanaweza kumfikisha mtoto kwa daktari wa upasuaji siku ya kwanza badala ya siku ya tatu.